Neno Ambalo Baba Hakulitafsiri

Maji ya laga yana harufu, na harufu hiyo hufika kabla ya maji yenyewe. Ni harufu ya samadi ya mbuzi iliyokaa juani kwa miezi mingi, ya majani yaliyooza, ya udongo wa moto uliomwagiwa maji ghafla. Wenyeji wa Turkana hawana haja ya kuelezwa. Lakini wewe unayenisoma ukiwa mahali ambapo mto ni mto mwaka mzima, nikwambie kwamba laga ni mto usiokuwa na maji. Ni njia pana ya mchanga ambamo watu hukatiza wakienda sokoni, mbuzi hujilalia, na watoto hucheza mpira. Kisha mvua inanyesha milimani, mbali sana, mahali ambapo wewe huoni hata wingu, na baada ya muda mchanga ule unakuwa mto unaong'oa miti.

Juzi harufu hiyo ilinikuta ofisini hapa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Kazi yangu ni kutafsiri. Wakubwa huandika kwa Kiingereza, nami huyaweka maneno yao katika Kiswahili ambacho mama aliyetoka Kongo na mzee Mturkana aliyetoka Lopur wote wataweza kukifuata. Siku hiyo nilikuwa nimefika kwenye sentensi yenye neno "obligated". Nikaandika "analazimika", nikainuka kufunga dirisha kwa sababu upepo ulikuwa umeanza kupeperusha karatasi, na hapo dirishani harufu ikanipata. Sikuweza kurudi kuketi. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni laga tu.

Tulihamia Lodwar kutoka Bungoma nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alikuwa ameajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi. Mama alikuja na cherehani yake, akawa anashona sare za wanafunzi barazani, akilalamika kwamba Lodwar hata kivuli chenyewe kinatafuta pa kujificha. Mimi sikujua kwingine. Kwangu mimi dunia ilikuwa ya mchanga, na miti yake ilikuwa mikoma mirefu ambayo wanawake walikata makuti yake wakasuka vikapu.

Baba alipenda maneno jinsi wanaume wengine wanavyopenda mpira. Tukiwa mezani jioni alituletea maneno mawili yanayofanana, akatutaka tumwambie yanatofautiana wapi. Kusikia na kusikiliza. Kutazama na kuona. Mama alimwacha aendelee kidogo, kisha akamwambia, "Baba Nekesa, tofauti ninayoijua mimi ni ya chakula moto na chakula baridi. Kula." Baba alicheka, akala, na akiwa bado anatafuna akauliza tena.

Nilipofika darasa la tano akawa mwalimu wangu. Dawati la mbele kabisa katika darasa lile lilikuwa la mvulana aliyeitwa Ewoi. Mama yake alikuwa mmoja wa wasusi wa vikapu, mama mjane mwembamba, na Ewoi alikuwa mtoto wake wa pekee. Kila baba alipouliza swali, Ewoi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliunyoosha mpaka nusu ya mwili ikatoka kwenye dawati, akipiga vidole na kuita, "Ticha, mimi! Ticha, mimi!" Baba akimchagua, alisimama, akatazama dari, akasema kwa heshima zote, "Nimesahau." Darasa zima liliangua kicheko. Baba naye alicheka. Kesho yake Ewoi alinyoosha mkono vilevile.

Siku ya maji mimi nilikuwa nyumbani na malaria, kwa hiyo ninayokusimulia niliyasikia baadaye, tena mara nyingi.

Baba alikuwa mwalimu wa zamu. Mchana aliona mbingu imekuwa nyeusi upande wa milima, na kwa kuwa wanafunzi wengi walikaa ng'ambo ya laga, akaamua kuwaruhusu mapema ili wavuke kabla ya maji. Aliwasindikiza hadi kwenye geti, akawahimiza wasicheze njiani, akarudi kufunga ofisi. Karibu wote walivuka. Ewoi alikuwa na kiu. Alipofika katikati ya laga aliona kishimo ambacho watu huchimba mchangani kutafuta maji, akapiga magoti akanywa. Watoto wenzake waliposikia mngurumo walikimbia. Yeye alipoinua kichwa, maji yalikuwa yamepita pande zote mbili, naye amebaki kwenye kisiwa cha mchanga chenye kichaka kimoja.

Baba alifika ukingoni wakati huo, akiwa njiani kuja nyumbani. Hapakuwa na mtu mzima mwingine.

Nakumbuka alivyoingia nyumbani jioni ile. Alikuwa peku, viatu ameshika mkononi, na soksi zimekunjwa vizuri zikaingizwa ndani ya viatu. Suruali ilikuwa imelowa hadi magotini, na juu ya magoti ilikuwa kavu. Mama alimuuliza kuna nini. Aliviweka viatu chini pamoja, kama anavyofanya mtu anayeingia kulala, akasema, "Ewoi amechukuliwa na maji." Kisha akaenda kusimama nyuma ya nyumba, na mama akanikataza kumfuata.

Vijana walikuja na kamba, lakini walifika wakiwa wamechelewa. Maji yalipokauka watu walitembea kufuata laga hadi inapoingia mto Turkwel, na wengine wakafuata Turkwel yenyewe siku kadhaa. Ewoi hakuonekana. Mpaka leo hajaonekana.

Baada ya hapo akaja afisa mmoja wa elimu kuuliza ilikuwaje. Mkutano ulifanyika shuleni, chini ya banda la mabati ambamo tulikuwa tukila chakula. Wazazi walikaa kwenye viti na wengine mchangani. Sisi wa darasa la tano tuliambiwa tukae darasani tusome, lakini darasa letu lilikuwa ubavuni mwa banda na madirisha hayakuwa na vioo. Tulifungua vitabu. Hakuna aliyegeuza ukurasa.

Afisa alikuwa mtu mpole. Nalisema hili kwa sababu ingekuwa rahisi kumfanya mbaya. Alizungumza Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya ofisi, na naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Lokwang, akawa anatafsiri kwa Kiturkana. Alieleza kwamba kanuni za shule zinamtaka mwalimu wa zamu awaangalie wanafunzi mpaka getini, na mwalimu huyu alifanya hivyo. Nje ya geti, alisema, mwalimu hakuwa "obligated". Alilirudia neno hilo. Hakuwa obligated kuwavusha, na hakuwa obligated kuingia majini. Mwalimu Lokwang alitafsiri, na ukasikika mnong'ono kati ya wazazi.

Mama Ewoi akasimama. Alikuwa akijua Kiswahili cha sokoni, na nadhani alikitumia makusudi ili swali lake lisipite kwenye mdomo wa mtu mwingine.

"Mimi niko na swali moja tu," alisema. "Mwalimu. Mtoto aliita wewe?"

Baba alikuwa ameketi. Mwalimu mkuu aliinama akamnong'oneza afisa kwamba huyo ndiye mama wa mtoto. Afisa akamgeukia baba, akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kumhurumia, kwamba hakuwa obligated kulijibu swali lile.

Baba alisimama. Alijibu kwa Kiingereza kilekile, neno moja baada ya jingine, kama anayetusomea imla. Alisema ni kweli, hakuwa obligated. Lakini alikuwa obliged.

Mwalimu Lokwang alifungua mdomo ili atafsiri, akaufunga. Akamtazama baba amsaidie. Baba hakumsaidia. Alimgeukia mama Ewoi.

"Aliniita, mama."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Ticha, mimi. Ticha, mimi.' Alikuwa amenyoosha mkono. Nikavua viatu. Nikaingia mpaka hapa." Akagusa magoti. "Maji yakanisukuma, nikaogopa, nikarudi. Sijui kuogelea. Nilipokuwa nimerudi akaita tena. Halafu kile kichaka kikaondoka."

Darasani hakuna aliyemtazama mwenzake. Dawati la mbele lilikuwa tupu. Msichana mmoja nyuma yangu alianza kulia kwa sauti ndogo ya kwikwi, na mimi nilimchukia kwa kulia, kwa sababu aliyekuwa amesimama pale nje alikuwa baba yangu na mimi ndiye niliyestahili kulia, na sikuweza.

Mama Ewoi alisema, "Sawa." Akaketi.

Afisa aliondoka na uamuzi wake uleule, kwamba baba hakuwa na hatia. Lakini mji ulikuwa umesikia. Wapo waliosema mwalimu ni mtu wa kweli. Wapo waliosema alimwona mtoto akifa huku akikunja soksi. Njiani watu waliendelea kutusalimu ejok, nasi tukaitikia, lakini salamu ilikuwa fupi na hakuna aliyesimama. Kazi ya cherehani ikapungua. Mama hakuinua sauti, ila usiku mmoja kabla hatujazima taa nilimsikia akimwambia baba, "Walikwambia usijibu. Ungenyamaza, yule mama angelala akijua mtoto wake alikwenda bila kujua kinachomkuta. Sasa anajua aliita."

Baba alisema, "Aliniuliza."

"Najua alikuuliza."

Mimi nilikuwa na swali langu. Nilikuwa nimelitafuta lile neno la kwanza katika kamusi ya baba, kisha la pili, na kamusi ilinieleza karibu kitu kimoja. Nilimfuata baba alipokuwa akisahihisha madaftari, nikamuuliza tofauti ni nini. Nilidhani atafurahi, maana ulikuwa mchezo wake. Aliiweka kalamu chini.

"Watu wengi huyatumia kama neno moja," alisema. "Na hawakosei. Lakini mimi nayasikia hivi. Lile la kwanza, mtu akikuuliza ni nani aliyekwambia ufanye, unaweza kumwonyesha. Imeandikwa mahali. La pili huwezi kumwonyesha mtu yeyote."

"Kwa Kiswahili ni nini?"

Alisema "lazima", akatikisa kichwa. Akasema "wajibu", akaishika tena kalamu. Kisha akaniambia nikalale.

Mama Ewoi alikuja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza Jumapili moja tulipotoka kanisani. Tulimkuta ameketi chini kando ya mlango, miguu ameinyoosha, anasuka kikapu. Mama alimkaribisha ndani, akakataa. Alimwambia baba, "Mwalimu, niambie tena." Baba akachuchumaa mbele yake, akamwambia tena, kuanzia kichaka mpaka mwisho. Yeye alisikiliza bila kuacha kusuka. Baba alipomaliza, aliuliza mkono ulionyooshwa ulikuwa wa kulia au wa kushoto. Baba alisema wa kulia. Akainuka, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata akaja tena. Na nyingine. Siku moja aliuliza kama mtoto alikuwa analia. Baba alisema hapana, hakuwa analia, alikuwa akiita tu. Siku nyingine aliuliza kama shati lilikuwa limefungwa vifungo. Baba alisema hakumbuki. Alipoondoka, mama alimwambia baba, "Kwa nini usimwongezee kitu kidogo? Mwambie alikuwa anasali. Kuna ubaya gani?" Baba alimtazama kana kwamba hamfahamu. Hakuongeza kitu. Kila Jumapili yalikuwa maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, polepole, na baba alizidi kukonda.

Nilimwogopa mama Ewoi, kisha nikamchukia. Kwangu mimi alikuwa mtu anayekuja kumchapa baba yangu mbele yetu, na baba anamtegea mgongo. Nikimwona kwa mbali, mwembamba na shanga zake shingoni, nilijifungia ndani na kuziba masikio. Lakini mlango ulikuwa wa mbao nyepesi. Nilisikia yote.

Mama ndiye aliyekwenda kuomba uhamisho, bila kumwambia baba. Ulipokubaliwa, tukapelekwa Kakuma.

Asubuhi ya kuondoka, vitu vyetu vikiwa vimepakiwa kwenye pikapu na cherehani imefungwa kwa kamba juu kabisa, mama Ewoi alikuja, ingawa haikuwa Jumapili. Alikiangalia kitanda chetu kilichosimamishwa wima, akaangalia masufuria. Akamuuliza baba, "Sasa nani ataniambia?"

"Nitakuja," baba alisema. "Kakuma si mbali."

Na kweli si mbali. Ukitoka asubuhi, chakula cha mchana unakila Lodwar. Baba hakwenda. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya mama, aliyemsihi apumzike kwanza. Halafu akaugua. Halafu, nadhani, hakwenda kwa sababu alikuwa hajaenda, na kila mwezi uliopita uliifanya safari ile kuwa ndefu zaidi.

Alifundisha Kakuma mpaka nguvu zikamwishia. Darasani kwake walikaa watoto wa Kiturkana, wa Kongo, wa Burundi, wa Sudan Kusini, na kelele zao zilikuwa za lugha zote. Maneno mawili mawili ya mezani yalikuwa yameisha. Tulikula kimya, na mama, aliyekuwa akimkatiza zamani, sasa ndiye aliyetafuta la kusema. Baba alikuwa mwalimu mzuri bado. Ila alikuwa na mtindo mmoja ambao wanafunzi waliuona wa ajabu. Akiuliza swali, alisema kwanza, "Mikono chini." Kisha alitembea kati ya madawati na kumgusa bega yule aliyetaka ajibu. Nilisoma kwake miaka miwili nikidhani ni mbinu ya kufundishia. Hata niliwaeleza wenzangu hivyo, kwa majivuno, kwamba baba yangu hataki wenye kiherehere peke yao ndio wajibu. Nilikuwa mtu mzima, nimekaa kwenye mkutano wa kazi, mtu mbele yangu akanyoosha mkono wa kulia, ndipo nilipoelewa. Ilibidi nitoke nje.

Baba alifariki mwaka juzi. Tulimzika Bungoma, na mama akabaki kule kwa jamaa zake. Niliporudi kazini nilipitia njia ya Kainuk, na basi lilipofika Lodwar nikashuka. Hakuna aliyenituma. Mama sikumwambia.

Haikuwa kazi kumpata mama Ewoi. Wasusi wa vikapu walikuwa bado wanakaa palepale karibu na soko, na nilipotaja jina walininyooshea kidole. Alikuwa mzee sasa, macho yameanza kuwa na ukungu, lakini vidole vilikuwa vinakwenda. Nilimsalimu. Nikamwambia mimi ni msichana wa mwalimu.

"Nilisikia amekufa," alisema. "Hakukuja."

"Hakuja, mama. Alitaka kuja."

"Hapana. Kama alitaka, angekuja." Alisema bila hasira. Alivuta ukuti mwingine, akaulowesha, akaendelea. "Alikuwa amechoka. Mimi nilijua alikuwa amechoka. Lakini sauti ya mtoto alikuwa nayo yeye tu. Ningeenda kuulizia wapi?"

Nilikaa chini karibu naye. Miaka yote ile nilikuwa nimeamini kwamba alikuja kumdai baba maisha ya mwanawe, na nadhani baba mwenyewe aliamini hivyo, na ndiyo sababu hakuweza kurudi. Sisi sote watatu, ndani ya nyumba ile, tulidhani tunaadhibiwa. Kumbe mama huyu hakuwa na kaburi la kwenda kukaa kando yake. Alikuwa na mlango wetu. Alikuja kumsikia mtoto wake akiita, na tukaupakia mlango ule kwenye pikapu tukaenda nao.

Yule mtoto niliyekuwa hakuweza kulijua hilo. Alijua kwamba kuna neno ambalo wakubwa huliandika kwenye kanuni na jingine ambalo baba alilisema akiwa amesimama, na kwamba la pili ndilo lililotuharibia nyumba. Nimetafsiri kwa miaka mingi sasa. Nimejaribu "kupaswa", nimejaribu "kubidi", nimejaribu "kuwiwa", yaani kuwa na deni, ambalo ni zuri lakini watu wa hapa hawalifahamu. Neno la afisa nimelipatia mara zote. La baba kila ninaloweka naliona limepungua, na mkubwa wangu huniambia niendelee, ni neno moja tu, maana imeeleweka.

Mama Ewoi aliacha kusuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amefanya hivyo.

"Wewe ulikuwa ndani ya nyumba," alisema. "Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Yote?"

"Yote."

Hakuniomba. Wanawake wengine walikuwa wakizungumza habari za bei ya makuti, na basi langu la Kakuma lilikuwa linapiga honi kituoni. Ningeweza kuinuka, nimwachie sukari niliyomletea na kumwambia nitarudi siku nyingine.

Nikaanza kumwambia. Nilianzia kwenye kisiwa cha mchanga, nikaenda kwenye kichaka, maneno yakifuatana upesi, maana nilitaka tu nifike mwisho.

Aliweka mkono wake mkavu juu ya goti langu.

"Mwalimu alikuwa anasema polepole," alisema. "Wewe unakimbia."

Nikaanza upya, polepole.